Usiniwekee Redio

Kwetu Kirua Vunjo mtu hazikwi kimya kimya. Kabla jeneza halijateremshwa kati ya migomba, mtu mmoja husimama mbele ya watu akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, alifanya kazi gani, aliugua nini, ameacha nani. Hapo kwenye "ameacha nani" ndipo watu huacha kunong'ona. Anayetajwa hapo huitwa mbele atie mchanga kaburini kama mtoto wa marehemu, na matanga yakiisha ana nafasi kwenye kikao cha ukoo. Asiyetajwa hutia mchanga na majirani, akala wali, akaenda zake.

Miaka ile ambayo kahawa ilishuka bei mpaka watu wakaanza kuing'oa na kupanda nyanya, msomaji wa wasifu kijijini alikuwa mimi.

Sikuiomba kazi hiyo. Shule yangu iliishia darasa la saba. Ila ilijulikana kwamba naandika. Nilikuwa natunga riwaya, nikamwambia mama peke yake, mama akamwambia jirani waliyekwenda naye kukata majani ya ng'ombe, na ilipofika Jumapili usharika mzima unaniuliza imefika wapi. Niliiandika nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani nilizopewa na mwalimu wa shule ya msingi. Ilikuwa habari ya mwanamke wa Dar es Salaam aliyekwama ndani ya lifti. Dar sikuwahi kufika, na lifti sikuwahi kuiona. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kushuka Moshi mjini kuuza ndizi soko la Mbuyuni. Lakini nilikuwa na hakika ya moyo kwamba siku moja kitabu kile kitapigwa chapa, na nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya jalada.

Asubuhi nilikamua, nikamkatia ng'ombe mgomba, nikafagia. Siku za soko nilishuka na mikungu. Jumatano na Jumamosi alasiri nilikuwa kanisani kwenye mazoezi ya matarumbeta, msichana pekee kwenye kundi, nikipuliza sauti ya pili. Riwaya ilipata kilichobaki. Nilikuwa na debe langu nililolipindua kando ya mfongo, ule mfereji wa maji uliochimbwa na wazee wetu, pale ambapo migomba imefunga hata jua halipiti, na hapo ndipo nilipokuwa nakaa kuandika. Ng'ombe akilia, mwanamke wangu anabaki kwenye lifti mpaka kesho.

Sasa, habari ya redio. Jirani yetu mmoja, bibi mzee, alifariki, na watoto wake wakanipa maelezo yake: alizaliwa, akaolewa, akazaa, akafa. Yalinihuzunisha. Mtu amelima umri wake wote, halafu anaingia kaburini kama gunia lililoandikwa uzito tu. Nikamwongezea kitu kidogo. Niliandika kwamba saa ya taarifa ya habari bibi alikuwa akisogea na jembe lake mpaka kwenye uzio wa jirani, asikilize redio ya wenyewe, na taarifa ikiisha anacheka peke yake anarudi kulima. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Watu walilia mpaka mchungaji akavua miwani. Matanga yalipokwisha mwanawe akanunua redio, akaiweka juu ya kabati, kumbukumbu ya mama aliyependa redio.

Nikamsimulia mwenzangu wa matarumbeta kwamba redio ile niliitunga, naye hana kifua. Habari ikapita kilabu cha mbege, ikapita kisimani, ikafika kanisani kabla yangu. Tangu hapo mtu akitia chumvi kwenye mazungumzo anaambiwa, "Usiniwekee redio." Watoto wakaniimbia njiani. Nilicheka nao, na wala watu hawakuacha kuniita misibani. Walisema tu, "Njoo utuandikie, dada, lakini redio uiache kwenu."

Basi ndipo baba mkubwa akarudishwa kutoka hospitali ya mjini.

Kwetu neno hilo, "amerudishwa", linatosha. Baba mkubwa ndiye aliyekuwa kaka wa baba yangu, na baba yangu alipofariki nikiwa mdogo ndiye aliyesema mbele ya ukoo kwamba mama na mimi tubaki palepale kwenye nyumba yetu, kwenye kipande chetu cha kihamba, shamba la ukoo. Alikuwa fundi mwashi. Nusu ya kuta za mawe za kijiji zimepita mikononi mwake. Sasa mikono ile ilikuwa imelala juu ya blanketi kama vifaa vilivyowekwa kando, naye alilazwa sebuleni karibu na dirisha aone migomba yake. Kila alasiri nilikwenda kumsalimia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na za lifti?"

Nilikuwa nimemsomea kurasa za riwaya yangu mara moja, akazipenda. Nikasoma. Akanikatiza.

"Hiyo lifti ni chumba?"

"Ni kama chumba, baba. Kinapanda ndani ya nyumba mpaka juu."

"Kwa nguvu gani?"

"Umeme."

"Na umeme ukikatika?"

"Ndiyo hapo alipokwama."

Akafikiri sana, macho kwenye dari. "Angepanda kwa miguu," akasema. "Kama sisi."

Siku moja mama mkubwa, mkewe, alikuwa zizini na mlango wa uani umefungwa. Baba mkubwa akasikiliza kwanza sauti ya ndoo, kisha akanigeukia.

"Leo lifti iache. Chukua kalamu. Nataka uandike wasifu wangu."

Nilianza kusema yale yanayosemwa, kwamba atapona, kwamba Mungu ni mwema. Akaningoja nimalize kama mtu anayengoja mvua ipite. Halafu akanieleza maisha yake, nami nikaandika. Alipofika kwenye watoto aliwataja wote ninaowajua, kuanzia kaka yetu mkubwa aliyekuwa akiuza vipuri vya magari Arusha mpaka wa mwisho. Nikaweka nukta.

"Bado," akasema. "Yuko mwingine. Binti, yuko Uru. Tulikuwa tunajenga shule kule, nikakaa muda. Mama yake alishatangulia. Yeye ni mkubwa sasa, anashona nguo. Aliwahi kuja sokoni kuniona, tukanywa chai, hakuniomba kitu."

Kalamu ilikuwa imesimama.

"Mama mkubwa anajua?"

"Sijui anajua nini. Hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kusema. Tumeishi hivyo."

"Baba, tafuta mtu mwingine. Mimi wananijua. Mimi ni wa redio."

Akatabasamu upande mmoja, maana upande wa pili ulikuwa umechoka. "Yule bibi ulimpa redio asiyokuwa nayo. Huyu mpe baba aliye naye. Basi. Na mimi usinipambe."

Akaukamata mkono wangu, akauvuta, akanitemea mate mepesi kwenye kiganja. Wazee wetu hubariki hivyo. Lakini kila mtoto wa mlimani anajua kwamba neno la mtu anayekufa ni mzigo, na ukiuangusha njiani haukai chini, unakufuata mpaka nyumbani. Nimekua nikisikia habari za waliopuuza: ng'ombe wanaotupa mimba, watoto wasiotembea, akili zinazopotea katikati ya sala. Mimi mtu wa kanisa nilikuwa nasema siamini mambo hayo. Hata hivyo sikukinawa kiganja kile siku nzima, na nilipokinawa kwa sababu ya kukamua, niliogopa kwamba nimekinawa.

Siku ya soko iliyofuata nilimtafuta mama mmoja anayeleta ndizi kutoka Uru. Nilimweleza mshonaji ninayemtaka, naye akamjua mara moja. Nikampa ujumbe: baba yake ni mgonjwa sana, na siku ikifika atapata habari; aje, jina lake litasomwa pamoja na ya wenzake. Nilisema neno hilo kwa furaha, kama mtu anayepeleka zawadi. Moyo wangu ulikuwa mwepesi njia nzima ya kurudi. Sikufikiri kwamba nimeshaweka ahadi mahali ambapo siwezi kwenda kuichukua.

Baba mkubwa akafa alfajiri ya Jumatatu, mkewe akimshika miguu. Habari ikaenda Uru kwa mama wa ndizi. Kaka akaja kutoka Arusha na pikapu imejaa sufuria za kukodi na maturubai. Alikuwa mtu wa kazi. Alipanga kila kitu, nani achimbe, nani apike, nani apokee wageni, na watu walimshukuru. Kisha akaniita nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha tanki la maji.

"Lete niusome."

Nikampa. Alisoma polepole, anatikisa kichwa kwa kukubali, sehemu moja hata akafuta jicho. Halafu akafika.

"Huyu wa Uru ni nani?"

"Ni mtoto wa baba, kaka. Aliniambia mwenyewe."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Sisi wawili."

"Wewe na mgonjwa." Akachomoa kalamu mfuko wa shati, akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya jina lile. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira. "Mdogo wangu, mama yangu atakuwa ameketi mbele pale. Unataka watu waangalie jeneza, au wamwangalie yeye?"



"Ni neno la baba," nikasema.

"Baba amepumzika. Sisi ndio tuliobaki." Akanirudishia karatasi. "Mama yako hajambo? Nyumba haivuji?"

"Haivuji, kaka."

"Vizuri. Maana kile kipande baba aliwaachia mkae tu. Sasa ni lazima tukae kama ukoo tuone." Aligeuka kuondoka, akarudi. "Na ukimsoma, nitasimama palepale niseme umeweka redio. Tuone wataamini nani."

Nikabaki na tanki la maji.

Nilimkuta mama anakata majani ya ng'ombe kando ya mfongo. Nilimweleza yote. Aliendelea kukata. Nilifikiri hakusikia, mpaka nikaona anakata palepale, majani yamekwisha, anakata udongo.

"Baba yako yuko pale," akasema, akionyesha kwa mundu kaburi la baba kati ya migomba. "Mimi sijui kulala mahali asipokuwepo."

"Kwa hiyo nisisome, mama?"

"Sijasema hivyo."

"Basi nisome?"

"Sijasema hivyo pia. Mwanangu, mimi ni mtu niliyekuja kuolewa hapa. Usinifanye niwe wa kusema." Akafunga mzigo wake, akajitwisha. Alipofika mbele kidogo akaongea bila kugeuka. "Huyo msichana, umeshamwambia aje?"

"Nimemwambia."

Mzigo wa majani ulipanda njia ukitikisika, mpaka nikashindwa kujua ni mwendo wake au ni kilio.

Kuanzia hapo hofu ilikaa mdomoni mwangu. Anayepuliza tarumbeta anajua: mdomo ukikauka, hakuna sauti. Tulikutana kujiandaa, nikapuliza, ikatoka pumzi tupu kama ya mtu anayepoza uji. Wenzangu wakacheka.

"Dada, umekula nini, majivu?"

"Mwacheni, kafiwa."

"Kafiwa ndiyo, lakini tarumbeta haijafiwa."

Nilicheka nao ili nisilie. Nikanywa maji, nikalamba midomo, nikajaribu tena. Pumzi tupu. Kila nilipofumba macho niliona vitu viwili kwa zamu: mama amekaa juu ya masanduku yake barabarani, na kiganja changu kilichotemewa. Nilitafuta njia ya katikati kama panya. Labda niugue. Labda nisome kwa sauti ndogo pale. Labda niseme "na wengine", neno kubwa lisilo na mtu ndani. Nilifikiri hata kwenda njia panda nimzuie yule msichana, nimwambie msiba umeahirishwa. Mtu anayetunga riwaya ana akili nyingi za kuogopea. Kila mlango anaoufungua anakuta ameshaandika kinachomngoja nyuma yake.

Siku ya mazishi ukungu haukuondoka hata saa sita ilipopita. Watu walijaa uani mpaka kwenye mibuni iliyobaki. Mama mkubwa aliketi mbele kwenye benchi, kanga nyeusi mpaka kwenye nyusi, wanawe wamemzunguka. Mama yangu alikuwa jikoni na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi, lakini niliona amesimama mlangoni na mwiko mkononi, haendi ndani wala nje.

Nilimwona msichana wa Uru kabla hajafika. Nilikuwa nimejiambia huenda sitamjua. Alikuwa na paji la uso la baba mkubwa, lile pana lililoingia ndani kidogo kwenye panja, na mwendo wake wa kuangalia kuta. Aliuangalia kweli ukuta wa mawe wa uani, akaugusa akipita. Alikuwa amevaa gauni jeusi jipya lililoshonwa vizuri kuliko nguo yoyote pale, na alikuwa amebeba maua kidogo yaliyofungwa kwa uzi wa cherehani. Akasimama nyuma kwenye mibuni, kwa majirani. Hakumuuliza mtu kitu. Alikuwa anangoja kuitwa.

Mchungaji alipomaliza, mwongozaji akasema, "Sasa tusikie wasifu wa baba yetu." Kuna aliyenong'ona, "Tuone kama kuna redio," na kicheko kidogo kikapita kama upepo kwenye majani makavu.

Nikasimama. Nikaishika karatasi kwa mikono miwili. Nilisoma alipozaliwa. Nilisoma ubatizo, ndoa, mawe, kuta, ugonjwa. Nilisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, bila pambo, neno baada ya neno, na watu wakaanza kujiuliza nimepatwa na nini. Nikafika kwa watoto. Nikawataja, wa kwanza mpaka wa mwisho. Halafu nikauona mstari wa kalamu ya kaka, umenyooka, na jina likionekana chini yake kama mtu aliye nyuma ya kijiti cha uzio.

Nilimwangalia kaka. Alikuwa ananiangalia. Nilitafuta mlango wa jikoni. Mama alikuwa ameushusha mwiko. Sikujua maana yake ni nini.

"Na binti yake wa Uru," nikasema, nikataja jina lake. Sauti ilitoka kama ile ya tarumbeta, nusu pumzi. "Ambaye yuko hapa."

Kaka alisimama.

"Ndugu zangu," akasema, kwa upole ule ule wa kwenye tanki, "mnamjua mdogo wetu. Ana kipaji. Mnakumbuka redio." Watu wachache wakacheka, hawakukusudia, kicheko kiliwatoka kwa mazoea tu. "Baba yetu alikuwa mgonjwa, naye alikuwa anamsomea hadithi. Leo tunazika. Tuzike."

Na walimwamini. Hilo ndilo sitalisahau. Niliona nyuso zikilegea, moja moja, zikinihurumia. Kule nyuma yule msichana alikuwa ameyakumbatia maua yake kifuani, na mtu aliye karibu naye akasogea pembeni kidogo, kama unavyomkwepa mtu aliyemwagikiwa na uchafu. Sikuwa na shahidi, sikuwa na kitu. Nilikuwa na karatasi yenye jina lililokatwa. Nilitaka kusema ni kweli, lakini neno "kweli" mdomoni mwangu siku hiyo lilikuwa halinunui hata ndizi mbili.

"Keti."

Mama mkubwa hakuinua sauti wala hakuinua kanga. Kaka aliinama. "Mama?"

"Nimesema keti, baba." Alikuwa anaangalia jeneza, si watu. "Hiyo si hadithi. Ningetaka iwe hadithi."

Kaka akaketi. Ukungu ulikuwa unateremka kwenye migomba tone kwa tone. Kisha mama mkubwa akasogea kwenye benchi, si sana, upana wa mtu mmoja mwembamba.

"Mwiteni apite," akasema. "Mchanga usimngoje."

Msichana alipita katikati ya watu ameinamisha kichwa. Hakuketi kwenye ile nafasi. Alipiga magoti pembeni yake, chini, kwenye majani. Hakuna aliyemkumbatia. Mama mkubwa hakumtazama hata mara moja. Lakini watoto walipoitwa aliitwa, akatia mchanga, akaweka maua yake yenye uzi wa cherehani juu ya yale ya wengine, na wakati wa kuinuka akashika ukingo wa kaburi kama anayepima kama mawe yamekaa sawa.

Tuliambiwa tupige. Nikachukua tarumbeta. Nilipuliza, pumzi tupu. Nikapuliza tena, ikalia kama mbuzi. Mara ya tatu ikaja sauti. Sikuwaza kama ni nzuri. Niliishika kama unavyoshika kamba.

Ukoo ulikaa matanga yalipokwisha. Hatukufukuzwa. Kaka alisema maneno ya hekima juu ya wajane, watu wakaitikia, kisha siku iliyofuata vijana wakaja na miche ya masale, yale majani ambayo kwetu ndiyo mpaka, wakayapanda kwa mstari mmoja ulionyooka. Mstari ulipita upande wetu wa mfongo. Migomba ile iliyofunga, na mahali pa debe langu, vikawa ng'ambo. Mama aliyaangalia masale yakipandwa, akaingia ndani akapika. Jioni akasema, "Kaburi limebaki kwetu," nami nikajua ameshahesabu hasara yake na kuikubali.

Nilihamishia debe nyuma ya zizi, kwenye jua na nzi. Mwanamke wa lifti alianza kunikera. Sikujua tena nimtoeje, maana kila nilipomfungulia mlango alikuwa anakuta watu wamekaa kimya wanamwangalia. Na hofu haikuondoka kwa sababu tu jambo limepita. Nilipoisikia pikapu yoyote ikipanda kilima niliacha kuandika nikasikiliza kama inakata kona ya kwetu. Usiku kucha sikuota, lakini mchana niliota macho wazi: masale yanasogea tena, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kizingiti.

Alasiri moja nilikuwa nakata majani karibu na mpaka. Mama mkubwa alitokea upande wa pili na ndoo ya maziwa. Tangu mazishi tulikuwa tunaamkiana tu. Nilisimama wima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaweka ndoo chini. Akayaangalia masale, akang'oa jani moja lililokauka, akalitupa. "Yule msichana alikuja juzi. Kaniletea gauni la kushindia. Limenikaa."

Sikujua kama hiyo ni habari njema. Uso wake haukusema.

"Mimi na mume wangu," akasema, "tuliogopa kitu kimoja miaka yote ile, kila mtu kwa upande wake wa kitanda. Ukakisoma kwa dakika moja." Akashusha pumzi. "Sikushukuru. Nataka ujue kwamba sikushukuru."

"Najua, mama."

"Na siku yangu ikifika nani atasoma?"

Mundu ulinitoka mkononi, ukaanguka kwenye majani. "Ukitaka mimi, mama, nitasoma."

"Basi njoo Jumamosi, baada ya matarumbeta. Nina mengi, na mengine hata yeye hakuyajua." Akainua ndoo, akageuka, akatembea hatua chache kati ya migomba iliyokuwa yetu. Kisha nikamsikia bila kumwona. "Na usiniwekee redio."

Nilikwenda. Sijawahi kuogopa mlango kama nilivyouogopa ule, na kinywa kilikuwa kikavu hata sikuweza kubisha hodi sawasawa. Lakini alikuwa ameniachia wazi, na kwenye meza kulikuwa na birika la chai, kikombe kimoja, na kalamu.